Fedha za Miaka Mingapi

Bi Pasi alisinzia kwenye kiti cha ofisi ya watu, mchana kweupe, huku afisa wa mfuko wa uwekezaji akimweleza habari za faida. Si kwamba maelezo yalikuwa mabaya. Yule binti alijua kazi yake, na sauti yake ilikuwa ya upole. Upole huo ndio uliommaliza. Kiti kilikuwa na mto, feni ilizunguka taratibu dirishani, na Bi Pasi alikuwa mtu wa kukaa kwenye ndoo zilizopinduliwa na ukingo wa kitanda cha mgonjwa. Mwili uliona mto ukasema basi, hapa ndipo.

Mdogo wake akamgusa kwa kiwiko.

"Dada. Unaulizwa."

"Nasikia," alisema, ingawa hakuwa amesikia kitu.

Jina la Bi Pasi alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, ambako kwa miaka mingi alilisha mashuka kwenye mashine ya kupiga pasi, moja baada ya jingine, mpaka vidole vyake vikapoteza alama. Wageni wa hoteli walilala juu ya jasho lake wasijue. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki na wanawe walikuwa wameolewa mbali. Mtu akisikia hivyo atasema, mama huyu sasa amepumzika. Thubutu. Akitoka kazini ndipo zamu ya pili inapoanza, na zamu hiyo ilikuwa mama yake.

Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa miraba minne aliyekuwa akinyanyua sufuria la uji peke yake huku vijana wawili wakitazama. Kiharusi kilimpiga akistarehe na uzee wake, kikamchukulia upande wote wa kulia, kuanzia mdomo hadi unyayo. Tangu siku hiyo aliishi kwa Bi Pasi, kwenye chumba cha mbele, na Bi Pasi akahamia kile cha nyuma kilichopakana na jiko. Alfajiri alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, ndipo akakimbilia basi. Mchana jirani alimchungulia. Jioni yote yakaanza upya.

Mdogo wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, aliuza vipuri vya magari katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Hakuwa mtu mbaya. Kila baada ya miezi kadhaa aliingia na mfuko wa matunda na vichekesho vyake, Mama akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, nyumba ikachangamka. Kisha akaondoka.

Safari hii alikuja kwa sababu ya fidia. Barabara ilipanuliwa ikameza kiwanja cha Mama, na serikali ikalipa. Fedha zilipoingia, jamaa waliokuwa kimya tangu kiharusi wakaanza kupiga simu kujulia hali ya mgonjwa. Kitinda akasema tusiziache benki zikalala huku bei za vitu zinapanda; tuzipeleke kwenye mfuko wa uwekezaji. Bi Pasi akakubali, kwa maana kubisha nako kunataka nguvu.

"Nilikuwa nasema hivi, Mama," afisa alimwambia Bi Pasi tena, bila kuonyesha kwamba ameona mtu akisinzia. "Tuna mifuko miwili inayoweza kuwafaa. Huu wa kwanza unaitwa wa ukwasi. Fedha zenu na za wenzenu zinakusanywa, zinakopeshwa mabenki na serikali kwa muda mfupi. Faida yake ya karibuni ni kama tisa kwa kila mia kwa mwaka. Kuingia bure, kutoka bure, ukitaka fedha yako unaipata ndani ya siku chache. Sisi tunachukua ada ya moja kwa mia kila mwaka, na hiyo tisa ni baada ya kuitoa."

"Na ule mwingine," Kitinda alisema, akiinama mbele.

"Ule ni wa hisa. Unanunua sehemu za makampuni. Mwaka jana ulitoa kumi na tisa."

"Kumi na tisa, Dada!"

"Mwaka jana," afisa alisisitiza. "Mwaka juzi ulishuka kumi na nne. Na ada zake ni kubwa. Kuingia mbili kwa mia. Kila mwaka mbili na nusu, upate usipate. Ukitoka kabla ya miaka mitatu, unakatwa mbili nyingine."

"Bandu bandu huisha gogo," Bi Pasi alinong'ona.

"Lakini gogo lenyewe linakua," Kitinda akajibu.

"Linakua mkiliacha," alisema afisa. "Anayelazimika kuuza mwaka wa kushuka ndiye anayeumia. Ndiyo maana huwa nauliza swali moja kabla ya yote. Fedha hizi ni za kazi gani, na mtazihitaji kwa muda gani?"

"Ni za kumtunza mama yetu," Kitinda alisema. "Amepooza. Andika miaka kumi."

"Miwili," alisema Bi Pasi.

Hakuwa amekusudia kulisema. Lilimtoka tu, kama mtu anavyopiga chafya. Kitinda aligeuza shingo akamtazama dada yake kana kwamba amemwona akiiba. Afisa aliangalia huku, akaangalia kule, kisha akaiweka kalamu mezani polepole.

"Nadhani mrudi nyumbani kwanza," alisema. "Mfuko hauendi popote."

Kitinda alisubiri mpaka wakafika nyumbani na Bi Pasi akabandika uji wa mgonjwa, naye akasimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni.

"Miwili? Unamzika Mama akiwa hai?"

"Simziki. Namgeuza," Bi Pasi alisema bila kuacha kukoroga. "Namgeuza kila siku, najua uzito wake unavyokwenda. Wewe ukija anakuchekea, unasema ana nafuu. Ukishaondoka analala siku nzima kwa uchovu wa kukuchekea."

"Mwenzangu mmoja dukani, mama yake aliishi miaka kumi na miwili baada ya kiharusi."

"Nani alimwogesha?"

Kitinda alipangusa uso kwa kiganja, kisha akauliza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ilikuwa mbaya kuliko makelele.

"Dada, niambie kweli. Wewe unaona itakuwa miwili, au unataka iwe miwili?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Kuna swali ambalo mtu analikwepa miaka kwa kujitia kazini, na halafu linakuja kuulizwa jikoni na mtu uliyembeba mgongoni. Bi Pasi hakuwahi kumtakia mama yake kifo, Mungu shahidi. Alichotaka ni kulala. Lakini kulala kwake na kufa kwa mama yake vilikuwa vimekwishashikana kama mbegu na ganda, na kila alipoomba, "Ee Mungu, nipumzishe," hakuwa na hakika tena anaomba nini. Ikabidi aache kuomba. Angemweleza nini Kitinda?

"Nyie!" sauti ikatoka chumba cha mbele. "Uji unaungua!"

Ulikuwa unaungua kweli. Mguu na mkono vilikuwa vimemwacha yule mzee, lakini pua ya mpishi haistaafu.

"Uleteni hivyo hivyo," Mama aliendelea, neno moja moja, kwa ule ulimi mzito. "Mje wote wawili."

Waliingia kama watoto walioitwa na mwalimu. Kitinda akakaa ukingoni mwa kitanda, Bi Pasi akabaki amesimama na bakuli.

"Nimepewa miaka mingapi?" Mama aliuliza.

"Mama! Ulikuwa unasikia?"

"Kilichokufa ni mguu. Sikio zima."

"Mimi nimekupa kumi," Kitinda alisema haraka.

"Na huyu?"

Kitinda alimtazama dada yake.

"Miwili, Mama," Bi Pasi alisema, na machozi yakamshuka bila sauti, mikono yote miwili ikiwa imeshika bakuli hivyo hana cha kujifutia.

"Ingekuwa sokoni," Mama alisema, "tungekutana katikati."

Nusu ya mdomo ilicheka. Kitinda naye akacheka, kisha akashindwa kuendelea. Mama akamwamuru aeleze mambo ya huo mfuko, na aeleze vizuri, asije akamfanya mjinga kwa kuwa amelala. Kwa kweli Kitinda alieleza kwa haki. Hakuficha ule mwaka wa kushuka, wala zile ada.

"Huyo wa mbili na nusu," Mama aliuliza, "mwaka wa hasara naye anafunga?"

"Hafungi, Mama. Anakula vilevile."

"Hodari." Alipumzika kidogo, akameza mate. "Na ikishuka mwaka ambao nataka dawa?"

"Tunangoja ipande."

"Mimi ningoje?"

Kitinda aliangalia mikono yake.

"Mgonjwa haulizwi uji," Mama alisema, "lakini mimi niulizeni. Nataka mtu. Mtu wa kunihudumia, alipwe kila mwezi. Hiyo fedha ikae mahali inapochoteka. Mimi si wa kuachiwa vitu vikue."

"Mtu wa nini, Mama?" Bi Pasi alishtuka. "Mgeni akuogeshe? Mimi nipo."

"Upo." Jicho zima la Mama lilimgeukia, na lilikuwa na huruma, na huruma hiyo haikumzuia kusema. "Mikono yako imechoka, mwanangu. Unaniumiza."

Bi Pasi aliweka bakuli juu ya stuli. Akatoka, akapita jikoni, akaenda uani nyuma ya kamba ya nguo, akakaa chini kabisa, ukutani.

Neno lile lilimwingia kwa kuwa halikuwa geni. Miezi kadhaa sasa alikuwa anamshika mama yake kwapani na kumvuta kwa nguvu, kwa sababu basi halingoji mtu, kwa sababu mgongo wake mwenyewe ulikuwa unawaka moto, kwa sababu tu. Alikuwa ameziona alama za rangi ya kijani kwenye ile ngozi nyembamba. Akajiambia ni vidonge vya kulainisha damu vinavyoacha alama. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi akaamini, na Mama hakulalamika hata siku moja.

Baada ya muda Kitinda alikuja akakaa kando yake, suruali yake ya safari ikigusa udongo.

"Hakumaanisha hivyo," alisema.

"Amemaanisha."

Kwa jirani mtoto alikuwa anafundishwa namba, anakosea palepale kila mara.

"Mimi nikisema kumi ndiyo napata usingizi," Kitinda alisema. "Kule niliko. Nikianza kuhesabu vingine silali."

Bi Pasi alitaka kumwambia kwamba yeye amelipia usingizi huo. Maneno yalimfika ulimini. Lakini hasira nayo inataka kulishwa, na yeye hakuwa na cha kuilisha.

"Basi," alisema tu. "Nisaidie kuinuka."

Kesho yake walirudi kwa yule afisa. Alipiga hesabu: mshahara wa msaidizi, dawa, vitambaa vya mgonjwa. Fedha yote ikikaa kwenye mfuko wa ukwasi, na kila mwezi wakachota kiasi hicho, ingeweza kufika miaka sita hivi. "Faida ikibaki ilivyo," aliongeza. "Na bei zikibaki zilivyo. Mimi siwezi kuwaahidi yote mawili." Bi Pasi alimpenda kwa maneno hayo. Watu wengi waliokuwa wamemshauri kuhusu mgonjwa wake waliahidi zaidi na kujua kidogo.

Walipomaliza, Kitinda hakuinuka. Alisema anataka kununua na vipande vya mfuko wa hisa, kwa jina lake, kwa fedha yake ya dukani. Si nyingi.

"Ada zile nilizowaeleza zipo palepale," afisa alisema. "Na unaweza kupoteza."

"Najua."

"Za nini sasa?" Bi Pasi aliuliza.

"Za mwaka wa saba na kuendelea," Kitinda alijibu bila kumtazama. "Zile za ukwasi zikiisha na Mama bado yupo, utakuja kwangu."

Bi Pasi alimshika mkono wa shati, akaunyoosha ulipokunjamana, kama alivyokuwa akimfanyia akienda shule.

Msaidizi aliyepatikana alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miguu ya polepole na mdomo usiotulia. Siku ya kwanza Bi Pasi aliomba ruhusa kazini ili amfundishe. Akakuta hakuna cha kufundisha. Yule mwanamke alikunja shuka, akalipenyeza chini ya mgongo wa Mama, akavuta shuka badala ya kuvuta mtu, na Mama akageuka kama mkate kwenye meza ya mwokaji, bila kukunja uso. Bi Pasi aliyaona hayo akiwa mlangoni. Angepaswa kufurahi. Ukweli ni kwamba alikwenda jikoni akafokea masufuria.

Wivu huo ulichukua wiki kadhaa kuisha, na hata ulipoisha uliacha sehemu. Jioni alirudi akakuta Mama ameoga, amekula, amebadilishwa. Alizunguka nyumba akitafuta kazi. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alikaa karibu na kitanda, na wakaanza kuzungumza. Ilikuwa ajabu. Kwa miaka yote ile walikuwa wameambiana tu inua, meza, subiri, tayari. Sasa Mama alimsimulia habari za jiko la shule, za mwalimu mmoja aliyekuwa akija kuonja chakula kwa kisingizio cha ukaguzi mpaka akanenepa. Bi Pasi alikuwa hajawahi kuisikia hadithi ile. Alisinzia katikati yake, Mama akaendelea kusimulia.

Lakini mambo hayakwenda kama karatasi ya afisa ilivyosema, na yeye alikuwa ameonya. Faida ya ukwasi ilishuka kutoka tisa hadi saba na nusu. Dawa zikapanda. Msaidizi akaomba nyongeza, na alikuwa na haki nayo. Bi Pasi, akilisha mashuka kwenye mashine, aliiona miaka sita ikiwa mitano, kisha minne na ushei. Mwaka wa pili mfuko wa hisa ulianguka vibaya. Kitinda alipiga simu.

"Karibu robo imekwenda," alisema. "Na ada yao wamekata."

"Utatoa?"

"Nikitoa sasa nitakuwa nimeila hasara yenyewe. Niache tu. Mama anakula?"

"Nusu bakuli."

"Mwezi uliopita ulisema bakuli."

"Ndiyo."

Alikuja wiki iliyofuata, bila vichekesho. Msaidizi alikuwa anataka likizo akazike kwao, na Kitinda akasema atakaa yeye. Akamgeuza Mama kwa shuka, kwa jinsi alivyoelekezwa. Siku ya tatu Bi Pasi alirudi kutoka kazini akamkuta ameegemea ukuta wa nje, viatu hana, macho mekundu, mikono inamning'inia kama si yake. Akamletea maji ya kunywa, naye akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

"Ni mwepesi sana," Kitinda alisema.

"Ndiyo."

Tangu hapo hakutaja tena idadi ya miaka. Alianza kutuma kidogo kila mwezi, na simu zake zikawa nyingi na fupi.

Mama alifariki mwaka wa nne, asubuhi, baada ya chai, msaidizi akiwa anamsimulia jambo la sokoni na Bi Pasi akiwa anatafuta kiatu chake cha kazini. Hakukuwa na kelele. Msaidizi alinyamaza ghafla, na kwa kuwa yule mwanamke hakuwa mtu wa kunyamaza, Bi Pasi alijua kabla ya kuingia. Kilichobaki kwenye mfuko kilitosha mazishi, na kingine wakampa msaidizi, ambaye alilia kuliko ndugu wote waliokuwa wakipiga simu wakati wa fidia.

Watu walimwambia Bi Pasi, sasa pumzika. Alijaribu. Mwili ulikuwa umezoea, ukamwamsha alfajiri, ukamsimamisha kwenye chumba cha mbele mbele ya kitanda kilichotandikwa. Alikaa juu yake mpaka kukapambazuka, kisha akaenda kazini mapema, maana huko angalau mashuka yalikuwa yanamhitaji. Ilipita miezi mingi kabla usingizi haujamkubali, na ulipomkubali ulikuja vipande vipande.

Siku moja Kitinda alimpigia akiwa zamuni. Mvuke ulikuwa mwingi, ikabidi asogee mlangoni.

"Zimepanda," alisema.

"Nini?"

"Zile fedha za vipande. Zimerudi zilipokuwa, zimepita kidogo. Hata ukitoa ada zote."

"Hongera."

"Sasa nizifanye nini, Dada?"

"Ziache."

"Niziache ziwe za nani?"

Bi Pasi alifuta shingo kwa kona ya aproni. Alifikiri juu ya mgongo wake, na juu ya umri wake mwenyewe, ambao hakuwa ameuangalia kwa muda mrefu. Hoteli haimbebi mtu aliyechoka. Nyuma yake mwenzake wa kwenye mashine alikuwa anamwita kwa nguvu, toroli limejaa.

"Njoo mwisho wa mwezi," alimwambia. "Tutakaa tuzungumze. Usije na matunda mengi, siku hizi niko peke yangu."

Akakata simu, akarudi ndani.